Nusu Anayoijua Kindi

Kila Jumamosi, kabla jua halijapata nguvu, nilisikia ndoo ikigonga nguzo ya uzio wangu nikajua Lavonia amefika. Hakuwa na haja ya kubisha hodi. Alipita kwenye pengo la uzio akiwa na ndoo mkono mmoja na kata mkono mwingine, na nyuma yake alikuja mdogo wake, Rubin. Lavonia alikuwa na miaka kumi na miwili. Rubin alikuwa na mitano, na mdomo wake haukujua kufungwa.

"Umeamka, Babu Hosea?"

"Ningelalaje na ndoo yako hiyo?"

"Basi shukuru, wengine wanaamshwa na jogoo mbaya."

Alicheka, akaenda moja kwa moja kwenye mti wa marehemu mke wangu.

Si mti mkubwa. Hata ukikomaa hauzidi sana mlango wa kanisa. Idella, mke wangu, aliuotesha kwa mbegu kwenye pembe ya baraza, mahali panapopata jua la asubuhi na kivuli cha alasiri, kwa sababu jua kali la Alabama huyaunguza majani yake. Mwezi wa tatu, miti mingine ikiwa bado inapiga miayo, mti huu huwasha maua mekundu kama mienge. Ndege wadogo wavumao kama nyuki huvuka Ghuba, bahari iliyo kusini mwetu, na kuja kunywa humo hata kabla hawajapumzika.

Sisi watu wa kijiji cha Tansy tunauita jicho la kulungu. Jina limetokana na mbegu yake. Ni ya kahawia, inang'aa, ina doa jeupe upande mmoja, na ukiishika kiganjani unadhani kuna mnyama anakutazama. Wazee hutembea nayo mfukoni kuzuia maumivu ya viungo. Mimi ninayo moja mfukoni hata sasa. Magoti yananiuma vilevile, lakini nani ajuaye yangeumaje bila hiyo?

Idella alifariki majira ya baridi kabla ya mambo haya ninayoyasimulia. Moyo ulimsumbua. Zahanati yetu wakubwa wa kaunti walikuwa wameshaifunga. Walisema haileti faida, kana kwamba zahanati ni duka la viatu. Nikampakia Idella kwenye pikapu kwenda hospitali ya mjini, na hatukufika wote wawili tukiwa hai. Niishie hapo.

Kabla hajaondoka, alikuwa amemfundisha Lavonia kazi yote. Maji yamwagwe polepole kwenye shina, si juu ya majani, maana majani yakilala na unyevu hupata madoa. Sindano za msonobari, yale majani yake membamba makavu, zitandazwe chini kuhifadhi unyevu, lakini zisiguse gome, lisije likaoza. Tawi lililokufa likatwe kwa kisu kikali, lisivunjwe kwa mkono. Lavonia alifanya yote hayo kila Jumamosi, na hakuna aliyemtuma. Alimpenda Idella, na mti ulikuwa ndio Idella aliyebaki.

*

Mwaka ule kiangazi kilikuwa kibaya. Mwezi wa nane ulipofika katikati, majani ya jicho la kulungu yalianza kupata rangi ya kutu pembeni, yakajikunja, yakaanguka moja moja. Miti mingine yote ilikuwa ya kijani, na huu ulibaki mtupu. Vitumba vyake vya mbegu tu ndivyo vilivyobaki vikining'inia, vya rangi ya ngozi kavu, kama mapera madogo yaliyosahauliwa na mwenyewe.

Watu waliokuwa wakipita kwenda kanisani walisimama kwenye uzio na kutikisa vichwa.

"Hosea, mti umemfuata mwenyewe."

Nilikuwa nimeketi barazani nikiutazama, na ukweli ni kwamba hata mimi nilihisi kitu kibaya kinakaribia. Nyumba ikishamtoa mtu mmoja, hewa yake hubadilika. Unaanza kusikiliza kila mlango.

Cleon, mtoto wa darasa moja na Lavonia, alipita na baiskeli akafunga breki.

"Wee Vonnie! Unamwagilia fimbo?"

"Namwagilia mti. Fimbo ni wewe."

"Umekufa huo! Kesho utamwagilia meza!"

Lavonia hakumfukuza. Aliinama, akakwaruza gome la tawi jembamba kwa ukucha wake. Chini yake palikuwa na rangi ya kijani mbichi kama njegere.

"Njoo uone, msomi. Umekufa uko wapi? Bibi Idella alisema huu hulala mapema kwa sababu uliamka mapema. Hata wewe ungeamka mapema ungejua."

Cleon aliutazama ule ukijani, akaondoka zake. Rubin ndiye aliyebaki pale chini ya vitumba, kichwa amekiinua, kidole mdomoni.

"Ndani mna nini?"

"Mbegu," Lavonia alisema.

"Zinaliwa?"

Mimi ndiye niliyejibu, kwa maneno ambayo baba yangu aliniambia, naye aliambiwa na baba yake. Kila mtoto wa Tansy huambiwa hivyo.

"Nusu moja ni sumu, nusu nyingine haina neno. Na anayejua ni nusu ipi ni kindi peke yake."

"Kindi alimwuliza nani?"

"Hakumwuliza mtu. Na wewe si kindi, kwa hiyo usiguse. Usiguse kabisa, umenisikia?"

Bibi yao, Earline, alikuwa ng'ambo ya uzio akianika shuka. Alinyanyua kichwa. Mama wa watoto hawa hufanya kazi kwenye kiwanda cha kuku mji mwingine na hurudi mara chache, kwa hiyo Earline ndiye aliyekuwa mama, baba na askari wao.

"Hosea! Hayo masimulizi yako ya kindi mwambie kindi. Huo mti wote ni sumu, majani, mizizi, mbegu, yote. Wazee walikuwa wakisaga mbegu zake na kutia kijitoni, samaki wanaelea kama wamelewa. Na nakuapia, siku mti huo utakapomdhuru mtoto wangu, mimi na shoka tutakuja kwako bila hodi."

"Sawa, dada Earline."

"Usiniambie sawa. Vonnie, umesikia?"

"Ndiyo, Bibi."

Alisikia. Na neno lililomkaa moyoni kuliko yote, kama alivyokuja kuniambia, lilikuwa shoka.

*

Mwezi wa tisa vitumba vilipasuka. Lavonia alikuja na kopo la kahawa lenye mfuniko, akaokota mbegu zote zilizoanguka kabla kindi hajazificha. Alitaka kuziotesha kwenye makopo, na miche ikipata nguvu aihamishie kaburini kwa Idella. Pale makaburini kuna jiwe tu na nyasi zilizoungua.

Nilimwambia, "Usizianike. Mbegu hii ikikauka imekufa. Leo kesho iwe ardhini, doa jeupe litazame chini. Na mfuniko wa kopo usitoke isipokuwa mkono wako uko juu yake. Rubin asishike hata moja."

"Najua, Babu Hosea. Mimi si mtoto."

Siku iliyofuata ilikuwa Jumapili. Tulitoka kanisani tukakuta mbingu imegeuka rangi ya risasi. Kimbunga kilikuwa kimepiga pwani, na mabaki yake yalikuwa yakipanda kuja kwetu yakiburuta mawingu. Hakukuwa na upepo bado. Mbwa walikuwa wameingia chini ya nyumba, na ndege hawakulia.

Yaliyotokea nyuma ya nyumba ya Earline mchana ule mimi sikuyaona. Lavonia ndiye aliyenisimulia baadaye, neno kwa neno.

Alikuwa amechuchumaa kwenye ngazi ya nyuma, anajaza udongo kwenye makopo. Rubin alikuwa anamzunguka kama nzi.

"Nipe moja."

"Hapana."

"Ya kuchezea tu."

"Rubin, toka hapa."

Mbegu moja ilikuwa na tundu la mdudu. Lavonia alichukua kisu akaipasua katikati kuona kama imeoza. Haikuoza. Ndani ilikuwa nyeupe ya maziwa, laini, kama karanga mbichi. Alizilaza nusu zote mbili kwenye ngazi.

"Hiyo ndiyo nusu nzuri?" Rubin aliuliza.

"Ndiyo ipi?"

"Hii. Au hii."

"Nenda ukamwulize kindi!" alimkemea. "Na ukimpata kaa naye hukohuko!"

Mara Earline akamwita ndani akasaidie kuepua kunde. Lavonia alifunga kopo, akausukuma mfuniko mpaka ukalia, akaingia. Kopo alilikumbuka, zile nusu mbili akazisahau.

Aliporudi, palikuwa na nusu moja tu kwenye ngazi. Rubin alikuwa ameketi chini ya mti wa pekani, mgongo kwa dada yake, akimtazama kindi aliyekuwa juu ya tawi. Kindi naye alikuwa akimtazama.

"Rubin, umechukua kitu hapa?"

Rubin alitikisa kichwa kusema hapana. Hakufungua mdomo. Mtoto yule, ambaye mdomo wake haukujua kufungwa.

Lavonia alisimama kidogo. Kisha aliokota ile nusu iliyobaki akaitupa mbali, ng'ambo ya uzio. Akajiambia kwamba nyingine kaichukua kindi. Akajiambia mara ya pili, kwa sauti, kana kwamba kuna mtu anabishana naye.

*

Kila Jumapili mimi hula kwa Earline. Siku hiyo mezani kulikuwa na kunde, mboga za majani, mkate wa mahindi na kuku. Upepo ulikuwa umeanza, na dirisha lilikuwa likitetemeka kwenye fremu yake.

Rubin hakula. Aliegemeza shavu kwenye meza. Mate yalikuwa yakimtoka pembeni mwa mdomo na kulowesha kitambaa.

"Kaa vizuri," Earline alimwambia.

Alijaribu. Kichwa kilirudi chini.

"Hii ni ile homa ya shuleni," Earline alisema, akimgusa paji la uso. "Darasa lao nusu wanaumwa. Na mkuu wa shule anajua, lakini kufunga hafungi. Rubin, umekula nini leo?"

"Sikula."

"Vonnie, alikula nini?"

Lavonia alikuwa kwenye karo, ananawa mikono. Alikuwa amekwishanawa kabla ya chakula. "Sijui, Bibi."

Rubin aliteremka kwenye kiti ili aende chooni. Hatua ya kwanza aliipiga sawa. Ya pili mguu ulienda pembeni, kama mguu wa mlevi, akaangukia goti. Akatapika palepale. Earline akamnyanyua, nami nikasogea kumsaidia, ndipo nikaona macho yake. Yalikuwa yamejaa weusi. Ile duara nyeusi ya katikati ilikuwa imetanuka mpaka ikaimeza rangi yote. Nilikuwa nimewahi kuona jicho kama lile. Lilikuwa mfukoni mwangu.

Nilimgeukia Lavonia. "Zile mbegu ziko wapi?"

"Nimepanda zote, Babu Hosea."

"Zote?"

"Kopo lilikuwa limefungwa. Nenda ukaangalie."

Sauti yake ilikuwa imenyooka. Nikaenda nje nikaangalia. Mfuniko ulikuwa umebanwa, makopo yamepangwa ukutani, udongo umeloa vizuri. Kazi safi. Nikarudi nikasema mbegu zote zipo ardhini.

"Basi ni homa," Earline alisema. "Atakunywa mafuta ya nyonyo, atoe uchafu wote, alale. Kesho nitampeleka."

Nani angemlaumu? Hospitali iko mbali, na daraja la kijito kaunti walilifunga tangu masika wakaweka mapipa ya rangi ya machungwa, wakaenda zao. Kwetu mtu haendi hospitali mpaka awe na hakika. Ndivyo tulivyofundishwa na wale wanaolala karibu na daktari.

Earline alimlaza Rubin kwenye kochi. Mtoto hakulia, na hilo ndilo lililonitisha. Mguu wake mmoja ulianza kurukaruka wenyewe, kama mguu wa mbwa anayeota. Nje, mvua ilipiga bati mara moja, ikanyamaza.

Lavonia alikuwa amesimama dirishani. Kutoka pale unauona mti wangu. Ulikuwa mtupu, unapinda na kuinuka, unapinda na kuinuka, kama unaomba. Alijua akisema, shoka litakuja. Alijua pia asiposema kitakachokuja. Aliniambia baadaye kwamba alitumaini kuna njia ya tatu, akaitafuta pale dirishani kwa macho mpaka macho yakamuuma.

Earline alimimina mafuta kwenye kijiko. Akamfunua Rubin mdomo kwa kidole gumba.

"Bibi, usimpe!"

Kijiko kiliruka, mafuta yakamwagika kifuani kwa Earline.

"Una wazimu?"

"Amekula jicho la kulungu! Nusu. Mimi ndiye niliyeipasua. Niliiacha kwenye ngazi, na nilimwambia akamwulize kindi, na nyingine nimeitupa ili msijue. Si homa, Bibi. Si homa!"

Earline alimtazama mjukuu wake mkubwa kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kustahimili. Kisha akanyoosha mkono.

"Simu."

*

Muuguzi aliyepokea simu hospitalini alikuwa na sauti tulivu. Earline alianza kueleza, lakini yule mama akauliza maswali ambayo Earline hakuwa na majibu yake, ndipo simu ikapewa Lavonia.

"Alikula kiasi gani, mwanangu?"

"Nusu ya mbegu. Mbegu yenyewe ni kama gololi kubwa."

"Ilikuwa mbichi?"

"Mbichi. Haijapikwa."

"Saa ngapi?"

"Tulipotoka kanisani. Wakati wa kuepua kunde."

"Ametapika? Anatetemeka? Macho yakoje?"

Lavonia alijibu yote huku machozi yakimtiririka mpaka kidevuni. Hakupunguza kitu wala hakujitetea.

"Vizuri sana," sauti ilisema. "Sasa sikiliza. Msimlazimishe kutapika. Msimpe mafuta, wala maziwa, wala dawa yoyote ya nyumbani. Mlazeni ubavu, asije akapaliwa na matapishi. Gari la wagonjwa lililo karibu nanyi limekwenda kwenye mafuriko huko kusini. Mna usafiri?"

"Babu Hosea ana pikapu."

"Njooni. Mje na mbegu moja ili daktari aione. Mimi nitakuwa nimemwandaa."

Nilitoa ile ya mfukoni mwangu, nikampa Lavonia.

Tulizunguka njia ndefu kwa sababu ya daraja. Earline alikaa katikati, Rubin juu ya mapaja yake, ubavu, na Lavonia mlangoni akiwa ameshika kichwa cha mdogo wake. Mvua sasa ilikuwa imekuja kweli. Waipa moja tu ya kioo ndiyo iliyofanya kazi. Tuliipita zahanati yetu. Mnyororo ulikuwa bado mlangoni, nyasi zimefika dirishani, na kibao kinachosema imefungwa kwa ajili ya kuboresha huduma. Sikukitazama mara mbili. Mbele yake kuna kona yenye mti wa mwaloni, na pale kwenye kona ndipo Idella alipoacha kunijibu.

"Mwongeleshe," nilimwambia Lavonia. "Usimwache anyamaze."

"Rubin. Rubin, unanisikia? Mwalimu wenu anaitwa nani?"

Alimtaja, kwa ulimi mzito.

"Mbwa wa Cleon anaitwaje?"

Kimya.

Tulikuwa tumeifikia kona. Nikauona mwaloni ukija kwenye mwanga wa taa, nikakanyaga mafuta.

"Rubin! Rubin, nisamehe. Nijibu. Kindi amekwambia nusu ipi?"

Kimya tena. Mvua tu. Earline alikuwa ameanza kusali kwa midomo bila sauti.

Kisha ikatoka, ndogo, ya kukoroma, lakini yenye hasira.

"Kindi mwongo."

Earline alitoa sauti ambayo ilikuwa nusu kicheko, nusu kilio. Mwaloni ukabaki nyuma yetu.

*

Walikuwa wametungoja mlangoni na kitanda cha magurudumu. Daktari, kijana mmoja aliyechoka machoni, aliichukua mbegu kutoka mkononi mwa Lavonia, akaigeuza, akaitikia kwa kichwa, akaanza kazi. Walimtundikia mtoto maji ya mshipani na kumwekea mashine ya kusikiliza moyo. Tulikaa kwenye viti vya plastiki mpaka mvua ikaisha.

Daktari alipotoka, alizungumza na Earline lakini alimtazama Lavonia.

"Atapona. Amechoka, na leo halali nyumbani. Lakini niwaambie kitu. Angenyweshwa mafuta akiwa amelegea vile, yangeweza kuingia mapafuni. Na mngemlaza mkingoja asubuhi, mimi nisingependa kuwa daktari wenu asubuhi hiyo. Nilijua la kufanya kabla hajashuka garini kwa sababu kuna mtu alisema ukweli kwenye simu."

Lavonia aliinamisha uso. "Nilichelewa," alisema.

"Ulichelewa," daktari akakubali. "Ila si mno."

Baada ya siku chache, Rubin akiwa nyumbani na mdomo wake umerudi kazini, Earline alipita kwenye pengo la uzio. Kama alivyoahidi, hakubisha hodi.

"Hosea, shoka lako liko wapi?"

Nilikuwa barazani. Nilitaka kusema maneno, lakini nina haki gani ya kumwombea mti mbele ya mwanamke aliyebeba mtoto vile? Kabla sijasimama, Lavonia alikuwa amekwenda bandani mwenyewe. Akarudi na shoka amelishika kwa mikono miwili. Akampa bibi yake, akasogea pembeni, hakuukinga mti.

"Hutalia?" Earline alimwuliza.

"Nitalia, Bibi. Lakini uliahidi, na mimi ndiye niliyekosa."

Earline alilipima shoka mkononi. Akauzunguka mti mara moja, akikagua lile gome, yale matawi matupu yenye vichomozo vinene vya mwaka ujao kwenye ncha. Kisha akamwita Rubin. Mtoto alikuja akiburuta rundo la vigingi vya mbao na kipande cha waya wa kuku. Earline akaligeuza shoka, akashika kigingi cha kwanza wima, mbali kidogo na shina, akakipigilia ardhini kwa kisogo cha shoka.

"Unatazama nini? Shika waya," alimwambia Lavonia.

Walijenga uzio wa kuuzunguka mti wote, na kijilango chenye kitasa cha juu ambacho Rubin hakifikii. Mbegu zitakazoanguka zitaanguka ndani. Earline alipomaliza aliketi kwenye ngazi yangu akajifuta shingo.

"Sikilizeni, nyote wawili, na wewe Hosea na kindi wako. Hakuna nusu nzuri. Mti huu una sumu tangu Mungu auumbe, haukumficha mtu. Tunaufunga uzio, tunanawa mikono, tunaishi nao. Ukweli nao ni hivyohivyo, Vonnie. Ulinipa nusu. Kopo limefungwa, hiyo ilikuwa kweli. Mbegu zimepandwa, nayo ilikuwa kweli kiasi. Nusu uliyoiacha ndiyo iliyokuwa inamwua mdogo wako."

"Ndiyo, Bibi."

"Ulipoisema yote, uliogopa?"

"Sana."

"Uliogopa ukasema. Ndiyo maana shoka nimeligeuza."

Mimi niliongeza langu moja tu, na ninaliweka hapa kwa ajili yenu mnaosoma.

"Wakubwa walituchukulia zahanati," nilimwambia Lavonia. "Daraja wamelifunga, gari la wagonjwa liko mbali, na sioni wakirudisha kimoja kati ya hivyo kesho. Hapa Tansy kitu pekee cha haraka tulichobakiwa nacho ni ukweli. Mtoto akianguka, utangulie wewe kuutoa, wote, kabla hujaulizwa mara ya pili. Usiutafutie wakati mzuri. Kuna kona ile ya mwaloni, na si kila mtu huivuka."

Lavonia alichukua kata, akafungua kile kijilango kipya, akaanza kumwaga maji kwenye shina, polepole, kama Idella alivyomfundisha.